Wageni walipokuja, nilimwomba bibi asimlete

BARUA

Shikamoo Mwalimu Mama,

Mimi ni mwalimu wa darasa la awali katika shule ya msingi ya serikali wilayani Korogwe, mkoani Tanga. Shule yetu iko pembezoni mwa mashamba ya mkonge, na wazazi wengi ni vibarua wa shambani, waendesha bodaboda na akina mama wanaouza vyakula stendi. Daftari langu la mahudhurio lina majina 84, na siku isiyo na mvua hufika watoto 70 na zaidi. Chumba ni kimoja, mikeka ni minne, na mwalimu ni mimi peke yangu.

Kati ya watoto hao yuko mmoja ambaye nitamwita Yusufu, ingawa hilo si jina lake. Ana miaka mitano na miezi michache. Aliletwa Januari na bibi yake, mzaa mama, ambaye alifungua pindo la kanga akatoa karatasi ya hospitali iliyokunjwa mara nne. Iliandikwa kwamba mtoto ana usonji. Niliisoma, nikairudisha, nikamwambia karibuni. Kusema kweli sikuelewa ninakubali jambo gani.

Yusufu hazungumzi kama wenzake. Ukimuuliza, "Umekula?" naye anakuambia, "Umekula?" kwa sauti ileile uliyotumia. Hakai mkekani zaidi ya wimbo mmoja. Watoto wakiimba kwa makofi huziba masikio kwa viganja na kulia. Kengele yetu ni rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mwembe, hatua chache kutoka dirishani, na ikigongwa yeye hukimbia nje. Mara mbili nimemkuta ameshafika barabarani. Mwezi uliopita alimng'ata mwenzake mkononi waliposukumana kwenye foleni ya uji. Kinachomtuliza ni kimoja tu, vizibo vya soda. Hujaza mfuko wa kaptula, akakaa chini na kuvipanga kwa rangi hadi vikaisha, kisha akavivuruga na kuanza upya.

Baada ya tukio la kung'atwa, wazazi watano walifika ofisini. Mmoja alisema kwamba mwanawe ameanza kurudia maneno kama Yusufu na kwamba anaogopa ataambukizwa. Mwalimu Mkuu, ambaye si mtu mbaya, ameniambia nimpe mapendekezo kabla ya likizo ya Juni. Ipo shule yenye kitengo cha watoto wenye ulemavu wa akili, kilomita zaidi ya 30 kutoka hapa, na watoto wa mbali hulala bweni. Mama yake Yusufu anauza vitumbua stendi tangu alfajiri. Baba yake ameondoka, na upande wa baba wanasema mtoto ana laana ya ukoo wa mkewe.

Lipo jambo ambalo sijamwambia mtu. Mwezi wa tatu walikuja wathibiti ubora wa shule. Siku moja kabla, nilimwambia bibi kwamba kesho Yusufu apumzike nyumbani kwa sababu kutakuwa na shughuli nyingi. Aliniangalia kidogo, akasema, "Nimekuelewa, mwalimu." Ukaguzi ulipita vizuri, nami nikasifiwa kwa darasa tulivu. Tangu siku hiyo nikimwona bibi anakuja, natazama pembeni.

Naomba ushauri wako. Je, nimwambie ampeleke kitengo? Akibaki, nitawafundishaje wale 83 wengine? Na je, ni haki kwa Yusufu mwenyewe kukaa kwa mwalimu asiyejua la kufanya?

Mwalimu wa Awali, Korogwe

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kazi. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama palepale kwenye siku ya wageni. Nitaanzia hapo, kwa sababu ndipo wewe mwenyewe ulipoumia, na mwalimu aliyeumizwa na jambo kama hilo hahitaji kuhubiriwa. Bibi alielewa ulichomaanisha. Usimwite shuleni, nenda kwake jioni, ukae naye uani, umwombe radhi kwa maneno machache, bila kujieleza sana. Kila jambo nitakalokushauri hapa litahitaji mkono wa bibi huyu, na hutaweza kumwomba msaada ilhali unamkwepa macho.

Sasa swali lako la kwanza. Usimwambie ampeleke. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inaelekeza kwamba kila mtoto mwenye ulemavu asome katika shule ya kawaida, iwe ya umma au ya binafsi, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu, na kwamba akiwa shuleni apewe huduma za usaidizi zinazolingana na ulemavu wake. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 nayo iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Kwa hiyo Yusufu hayuko darasani kwako kwa hisani yako, wala ya Mwalimu Mkuu, wala ya wale wazazi watano. Yuko hapo kama walivyo wale wengine, na pendekezo lolote utakaloandika kabla ya Juni lianze na sentensi hiyo.

Najua sheria haiwatulizi watoto 70 waliokaa kwenye mikeka minne. Kiwango kilichowekwa kwa darasa la awali nchini ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, nawe una zaidi ya mara tatu ya hao. Huo ni mzigo wa kweli, na una haki ya kuulalamikia kwa maandishi. Lakini tafakari jambo hili kwa makini: Yusufu akiondoka kesho, utabaki na 83. Chumba kitabaki kilekile, mikeka ileile, na yule mtoto wa nyuma ambaye hujamsikia akisema neno tangu Januari ataendelea kukaa kimya. Msongamano haukuletwa na Yusufu, ila yeye ndiye anayeuonyesha kwa sauti. Wenzake wanaokosa hewa, nafasi na zamu ya kusemeshwa wanavumilia kimya, naye hawezi kuvumilia. Kwa sababu hiyo, karibu kila badiliko utakalolifanya kwa ajili yake litawanufaisha na wao, na hilo ndilo jibu langu kwa swali lako la pili.

Kwanza tuelewane kuhusu usonji wenyewe, kwa kuwa maneno ya ukoo yameshaanza kuzunguka. Usonji ni tofauti katika namna ubongo unavyokua, ambayo huathiri jinsi mtoto anavyowasiliana, anavyohusiana na watu, na anavyopokea sauti, mwanga, harufu na mguso. Hauambukizi. Hauletwi na laana, na hauletwi na chanjo. Hugunduliwa zaidi kwa wavulana kuliko wasichana. Daktari Leo Kanner alipouelezea mwaka 1943 nchini Marekani, kutokana na watoto 11 aliowachunguza, ulifuata muda mrefu ambapo wataalamu wakubwa waliwalaumu akina mama, wakidai kwamba watoto walikuwa hivyo kwa kukosa joto la mama. Madai hayo yalikuja kukataliwa kabisa, lakini yalikuwa yameshawaumiza wanawake wengi. Mwambie mama yake Yusufu habari hiyo siku mtakapopata nafasi. Mwanamke anayeamka usiku kukaanga vitumbua, kisha akaambiwa kwamba ukoo wake ndio ulioleta balaa, anastahili kujua kwamba hata wenye shahada waliwahi kusema upuuzi wa namna hiyo.

Na yule mtoto aliyeanza kurudia maneno? Ana miaka mitano. Anaiga anachokisikia, kama anavyomwiga kondakta wa daladala.

Tuje darasani. Kazi yako ya kwanza haihitaji fedha. Chukua daftari dogo, na kwa siku kumi za shule, kila Yusufu anapokimbia, anapolia au anapomgusa mwenzake kwa nguvu, andika mambo matatu: kilichotokea kabla, alichofanya, na kilichofuata. Usiandike "alikuwa mkorofi" wala "alikataa kutii", andika "kengele iligongwa, alikimbia hadi mwembeni, nilimbeba kumrudisha." Barua yako yenyewe imeshanionyesha mengi, labda kuliko ulivyokusudia. Makofi yanamliza, rimu ya lori inamkimbiza, na alimng'ata mwenzake baada ya kusukumwa kwenye foleni. Kwa macho yangu, huyo ni mtoto ambaye masikio yake yanapokea sauti kwa ukali usioweza kuufikiria, ambaye hana maneno ya kusema "naumia", na ambaye mwili wake unasema kwa niaba yake.

Ukilisoma daftari hilo kwa jicho hilo, mengine yatajitokeza yenyewe. Kengele, kwa mfano. Mweleze Mwalimu Mkuu kwamba mtoto ameshafika barabarani mara mbili na kwamba jambo hilo ni la usalama. Omba rimu ihamishiwe mti mwingine, mbali na dirisha la awali. Isipowezekana, mpangie Yusufu aende nawe, au na mwanafunzi wa darasa la sita aliyeelekezwa vizuri, dakika chache kabla ya kengele, aione ilivyotundikwa, aiguse, na siku akiwa tayari apewe chuma aigonge mwenyewe. Nimeona watoto wakistahimili sauti wanayoitoa wao wenyewe kabla ya kuweza kustahimili ileile ikitolewa na mwingine, kwa sababu inayowatisha zaidi ni ile inayowashtukiza. Wala usimlazimishe, kama siku ya kwanza atasimama hatua ishirini kutoka mwembeni, inatosha.

Makofi nayo si amri ya serikali. Wimbo mmoja mnaweza kuupiga makofi, wa pili mkaupigia vidole viwili kiganjani, wa tatu mkauimba kwa kunong'ona. Watoto wadogo hupenda sana kunong'ona, na utashangaa jinsi chumba chenye watoto 70 kinavyotulia mwalimu anapopunguza sauti.

Mtengenezee ratiba ya vitu. Watoto wengi wenye usonji hutulia wanapojua kitakachofuata, na hawakijui kwa kuambiwa maneno mengi. Kata maboksi, chora kwa kalamu mkeka, kikombe cha uji, choo, mpira na nyumba, uvitundike kwa kamba kwa mpangilio wa siku, na kila shughuli ikiisha Yusufu mwenyewe aondoe kipande chake na kukitia kwenye kopo. Kama picha hazielewi, anza na vitu halisi: ukimpa kikombe mkononi, ajue kwamba ni wakati wa uji. Darasa zima litaitumia ratiba hiyo. Wale wanaokuuliza "Mwalimu, tunakwenda nyumbani saa ngapi?" mara kumi kila asubuhi watajifunza kutazama kamba.

Ukizungumza naye, tanguliza jina, kisha maneno machache: "Yusufu, keti." Halafu ngoja. Hesabu moyoni hadi kumi kabla ya kurudia, kwa sababu anahitaji muda wa kulipokea neno, na ukilirudia haraka unamrudisha mwanzo. Anapokuambia "Umekula?" hakudhihaki. Ameshika sauti, kiimbo na mpangilio wa maneno yako, na kinachomshinda ni kubadili nafsi, kutoka "umekula" kwenda "nimekula". Mpe jibu unalotaka alishike. Muulize, kisha jijibu mwenyewe kwa upole, "Nimekula," ukigusa kifua chake. Fanya hivyo kila siku wakati wa uji. Siku moja utasikia "nimekula" bila kuuliza, na siku hiyo usipige kelele ya furaha, mwongezee uji.

Hapo kwenye uji pana jambo ningependa ulitazame kwa karibu, kwa kuwa foleni ndiyo iliyozaa tukio lililowaleta wazazi ofisini. Foleni ya watoto 70 ni mahali pa kusukumwa na kugusana, kuna harufu na kusubiri kusikojulikana kutaisha lini, yaani kila kinachomwelemea kimekusanyika hapo. Mwache awe wa kwanza, au wa mwisho kabisa baada ya foleni kuisha, daima nafasi ileile na kikombe kilekile chenye alama yake. Si upendeleo. Mtoto mwenye mguu mbovu usingemtaka asimame dakika ishirini, na huyu kinachomshinda ni msongamano.

Weka pia kona tulivu. Kamba moja, kanga moja kuukuu, na kipande cha mkeka pembeni mwa chumba, mbali na dirisha la mwembeni, vinatosha. Si mahali pa adhabu, na usimpeleke huko kwa kumvuta mkono akiwa amekosea, maana siku utakayofanya hivyo kona itakufa. Ni mahali ambapo mtoto yeyote anaweza kwenda kutulia na kurudi. Utaona kwamba wa kwanza kuizoea hatakuwa Yusufu peke yake. Yuko msichana aliyefiwa na mama yake, au mvulana anayelala njaa, ambaye alikuwa akitafuta mahali hapo siku zote. Kuhusu kiboko, sina maneno mengi. Ukimpiga mtoto aliyezidiwa na kelele umemwongezea maumivu juu ya maumivu, naye hatajua amepigwa kwa kosa gani.

Na vile vizibo! Mwanangu, unavitaja kama kitu cha kumtuliza tu, kumbe umeletewa zana za hisabati bure. Mtoto anayetenga vyekundu na vya kijani bila kukosea anafanya uainishaji, ambao wewe mwenyewe umeuandika kwenye andalio la somo. Mpelekee vizibo vyake kwenye kona ya hisabati, mkalishe na watoto wawili, na uongeze hatua moja: vyekundu vitatu kwenye kopo hili, vya kijani vitatu kwenye lile. Wenzake wakiona kwamba yeye ndiye anayejua mchezo huo kuliko wote, watamjongelea wenyewe. Urafiki wa watoto wa umri huo hauanzi kwa mazungumzo, huanza kwa kuchezea kitu kimoja mahali pamoja. Wabadilishe wenzi hao kila wiki, usimpe mtoto mmoja kazi ya kuwa mlezi wake, kwa sababu mtoto huyo naye amekuja kusoma na kucheza.

Kabla sijasahau, hakikisha masikio na macho yake yamepimwa, hata kama karatasi ya hospitali ipo. Nasema hivi kwa majuto yangu mwenyewe. Miaka yangu ya mwanzo kazini, milimani Lushoto, nilikuwa na msichana mpole aliyekaa nyuma, nami nilimwandika mzito wa kuelewa. Siku moja mfuniko wa sufuria ya uji ulianguka sakafuni nyuma yake, darasa zima likaruka, yeye akaendelea kuchora. Hakuwa anasikia. Nilikuwa nimemkalisha nyuma miezi saba, nikimpa mgongo kila nilipoandika ubaoni. Yusufu anasikia, tena kupita kiasi, lakini macho yake hatuyajui, na huenda yapo mengine ambayo karatasi haikuyataja. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, iko Tanga mjini. Andikeni barua ya shule, ili bibi asifike pale akiwa hana cha kuonyesha.

Sasa kitengo. Sitaki usome jibu langu kana kwamba navidharau vitengo. Walimu wake wamebeba watoto ambao shule zetu ziliwafungia mlango, na wengi wao wamesomea kazi hiyo, wengine katika Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha. Wako pia watoto ambao kwangu shule maalumu ni bora tangu mwanzo. Mtoto kiziwi anahitaji kukua katikati ya watu wanaotumia lugha ya alama, watoto wenzake na watu wazima, na akikaa peke yake katika darasa la wanaosikia, ambapo hakuna hata mmoja anayeijua lugha yake, ameshirikishwa kwa jina tu. Naamini ndiyo maana sheria iliweka ule msamaha wa mawasiliano maalumu. Kwa Yusufu mambo ni tofauti. Lugha anayohitaji kujifunza ni hii inayozungumzwa mkekani kwako, na watu anaopaswa kujifunza kuishi nao ni hawa wa mtaa wake. Zaidi ya hayo, kitengo unachokitaja maana yake ni bweni. Mtoto wa miaka mitano aliyezoea sauti ya bibi yake, kikombe chake na njia yake ya kila siku, ukimlaza kilomita 30 kutoka hivyo vyote, utakuwa umemnyang'anya kila kilichokuwa kikimshikilia.

Unachoweza kufanya ni kumleta mwalimu wa kitengo kwako. Mwandikie Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri yenu, kupitia kwa Mwalimu Mkuu, uombe mtoto afanyiwe upimaji wa kielimu na uombe mwalimu huyo aje akae darasani kwako siku moja au mbili. Ambatisha daftari lako la siku kumi. Barua inayosema "nina mtoto ananisumbua" huwekwa kando, lakini yenye kurasa kumi za tarehe, saa na matukio, pamoja na maelezo ya mtoto kufika barabarani mara mbili, ni vigumu kuifungia kwenye kabati. Humohumo taja idadi ya watoto wako na kiwango cha 25, na uombe mwalimu wa pili. Huenda usimpate mwaka huu. Omba hata hivyo, ili siku mtu akiuliza, iwepo karatasi.

Huku ukisubiri, mwombe bibi akae nawe wiki mbili au tatu za mwanzo, kwanza karibu na mtoto, kisha mlangoni, kisha chini ya mti, kisha nyumbani. Mweleze tangu siku ya kwanza kwamba lengo ni yeye kuondoka. Zipo shule zinazomkubali mtoto kwa sharti kwamba mzazi akae naye kila siku hadi mwisho wa mwaka, na hilo silikubali hata kidogo, kwa sababu ni njia ya adabu ya kumfukuza. Mzee ana shamba lake na mgongo wake, nawe ndiwe mwalimu.

Kuhusu wazazi watano, usiwajibu mmoja mmoja kwenye korido. Mwombe Mwalimu Mkuu aitishe kikao kupitia kamati ya shule, wazazi wote wa awali waalikwe. Kabla ya kikao, mwulize mama yake Yusufu anataka watu waambiwe nini. Ile karatasi iliyokunjwa mara nne ni yake, na jina la hali ya mwanawe halitajwi mbele ya watu ila kwa ridhaa yake. Akipenda kuzungumza mwenyewe, mpishe. Asipopenda, zungumza juu ya darasa lote. Mzazi wa mtoto aliyeng'atwa mwombe radhi mbele ya wote, kwa sababu mwanawe aliumia kweli, na umwonyeshe ulichokibadilisha kwenye foleni. Mzazi akishajua kwamba umeliona tukio na umechukua hatua, mara nyingi hoja ya kumfukuza mtoto huisha nguvu. Asiporidhika hata hapo, msikilize hadi mwisho, kisha mkumbushe kwamba kamati haina mamlaka ya kumwondoa mtoto kwa sababu ya ulemavu wake.

Swali lako la tatu ndilo lililonigusa kuliko mengine. Unauliza kama ni haki kwa Yusufu kukaa kwa mwalimu asiyejua la kufanya. Umeona kwamba anarudia kiimbo chako, umeona rangi za vizibo, umejua ni wimbo wa ngapi anaoinuka. Mwalimu asiyejua chochote haoni hayo. Ulichokosa ni mtu wa kukaa nawe na kukuambia uyafanyie nini uliyoyaona, na hilo ni pengo la mafunzo yetu, ambayo huwapeleka vijana kwenye madarasa ya awali wakiwa wamesikia neno "elimu jumuishi", yaani watoto wenye ulemavu na wasio nao kusoma pamoja, katika mhadhara mmoja au miwili.

Usimpime kwa herufi mwaka huu. Andika mwishoni mwa kila mwezi alikaa mkekani nyimbo ngapi, alikimbia mara ngapi, alisema maneno yapi ambayo hayakuwa mwangwi, alicheza kando ya nani. Kuanzia Septemba, mwombe mwalimu wa darasa la kwanza aje kukaa kwenye kona ya hisabati mara moja kwa wiki, na wewe umpeleke Yusufu akaone chumba kile kikiwa kitupu, aguse madawati, ajue choo kiko wapi. Januari ataingia chumba asichokijua, na kazi yote hii inaweza kuvunjika katika wiki moja kama hakuna aliyemwandaa yeye wala mwalimu wake mpya.

Wathibiti ubora watarudi. Siku moja kabla, mwambie bibi amlete mapema, kabla magari ya wageni hayajaingia uwanjani, ili apate muda wa kuzoea nyuso mpya. Weka kopo la vizibo mahali pake. Wakiuliza kwa nini kuna kanga kwenye kamba na kwa nini mtoto mmoja amekunywa uji kabla ya wenzake, toa lile daftari uwape wasome.

Mwalimu Mama